Tiketi ya Entebbe hadi Dar es Salaam: nilichonunua na nilichotozwa

Tathmini hii ni ya vitu viwili vilivyouzwa kwa pamoja: huduma ya wakala wa tiketi mwenye ofisi katikati ya jiji la Kampala, na safari ya ndege ya kwenda na kurudi kati ya Entebbe na Dar es Salaam niliyoinunua kwake. Wakala sitamtaja jina, wala shirika la ndege sitalitaja, kwa sababu niliyoyakuta kwao majirani zangu wa Kibuli wameyakuta kwa wengine, na kumtaja mmoja ni kuwafichia wenzake. Kitu ninachotaka kukichambua hasa ni tiketi yenyewe, ile karatasi ambayo wengi wetu huangalia tarehe na saa ya kuondoka kisha tukaikunja, kwa kuwa humo ndimo lilimo jibu la swali linaloulizwa kila sikukuu inapokaribia: kwa nini serikali haidhibiti bei za ndege?

Shangazi yangu alifariki Tanga siku ya Jumatatu. Maziko nisingeyawahi, lakini khitma ningeiwahi kama ningefika Dar es Salaam Alhamisi na kupanda basi la Tanga siku hiyohiyo. Basi la kutoka Kampala kupitia Mutukula lingenichukua zaidi ya siku nzima barabarani, na magoti yangu yalishaniaga zamani kwa safari za namna hiyo. Kwa hiyo Jumanne asubuhi nilikuwa mteja wa kwanza kupanda ngazi za ofisi ya wakala, nikamkuta kijana mpole, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri, akanikaribisha kiti na maji ya kunywa. Kwa ukarimu sina lawama hata moja. Aliandika, akabofya, akangoja, kisha akaniambia kwamba kiti kipo na kwamba jumla ni dola 378.

Nilimwomba anioneshe hesabu. Alishangaa kidogo, nadhani kwa sababu si wateja wengi wanaoomba, lakini aliugeuza uso wa kompyuta kwangu. Nauli ilikuwa dola 214. Chini yake palikuwa na safu ya herufi mbilimbili na namba mbele ya kila jozi, na jumla ya safu hiyo ilikuwa dola 164. Nikauliza hizo ni nini.

“Nnyabo, hizo zote ni kodi za serikali. Sisi hatuna uwezo nazo.”

Nikaomba anichapie. Alinichapia bila kununa. Katika karatasi ile, mstari mmoja ulikuwa na herufi YQ na dola 60 mbele yake, na hapo ndipo ninapolazimika kumsahihisha kijana wangu, kwa upole uleule alionipokea nao. YQ si kodi. Ni tozo inayowekwa na shirika la ndege lenyewe, kwa kawaida kwa jina la gharama ya mafuta, na fedha yake huingia katika mfuko wa shirika sawasawa na nauli. Serikali ya Uganda haipati humo hata shilingi, na ya Tanzania vilevile. Zilizobaki, dola 104, ndizo hasa ada za viwanja na za mamlaka za usafiri wa anga za nchi hizi mbili, ambazo shirika hukusanya kwa niaba yao.

Sidhani alinidanganya kwa makusudi. Alifundishwa kwamba kila kilicho chini ya mstari wa nauli ni kodi, na yeye akarithisha alichofundishwa. Tiketi imepangwa hivyo, tozo ya mwenye ndege ikakaa katikati ya ada za serikali, nayo ikavaa nguo zao, na mteja akaondoka akiilaumu serikali kwa dola 60 ambazo serikali haikuzichukua. Sikatai kwamba serikali ina lawama zake. Kwa hizi 60 tu, haina.

Baada ya dola zikaja shilingi. Ofisi ilihesabu kila dola kwa shilingi 3,780, ilhali duka la kubadilishia fedha lililo chini ya jengo hilohilo lilikuwa linauza dola kwa 3,650. Kwa dola 378, tofauti hiyo ni shilingi 49,140. Ikaongezwa ada ya huduma ya shilingi 80,000, ambayo haikuandikwa mahali popote katika karatasi ya kwanza na ilitajwa kwa mdomo nilipokuwa nimeshatoa simu ili nilipe. Kwa hiyo shilingi 129,140 zilikuwa bei ya kuketi pale na kunywa maji, wala hazikuwa na uhusiano wowote na ndege, rubani au uwanja. Ningekuwa na dola taslimu, sehemu ya kwanza ningeiepuka. Nilipouliza, kijana alikiri hivyo bila kusita, na hilo nalihesabu upande wake.

Safari yenyewe nitaipitia upesi, maana ilikuwa nzuri na jambo zuri halina maelezo mengi. Niliondoka alfajiri kwa njia ya kulipia ya Kampala hadi Entebbe, shilingi 5,000 kwa gari dogo, tukafika kwenye kizuizi cha ukaguzi ambapo abiria wote hushuka na kupita kwa miguu huku gari likikaguliwa peke yake, zoezi ambalo mgeni huliona usumbufu na mwenyeji huliona sehemu ya safari. Ndege iliondoka ikiwa imechelewa dakika kumi na tano. Ni kilomita kama 1,070 kwa mstari wa angani, chini ya saa mbili, tukapewa sambusa moja ya moto na juisi, tukashuka Jengo la Tatu la Kiwanja cha Julius Nyerere, ambako foleni ya uhamiaji ilikwenda haraka. Wakati wa kurudi begi langu lilizidi kilo tatu kwa ajili ya machungwa ya Muheza ambayo binamu zangu hawakukubali niyaache, na dada wa kaunta alinishauri niyahamishie kwenye mkoba wa mkononi badala ya kunitoza. Shirika la ndege naliwekea nyota nne kati ya tano. Wakala nampa mbili na nusu, na ile nusu ni ya karatasi aliyonichapia.

Kilichonifanya nikae kuandika kwa urefu huu ni jirani yangu wa kiti. Alikuwa mfanyabiashara wa Kampala anayekwenda Kariakoo kununua vitenge, na kwa kuwa wafanyabiashara hawaoni aibu kuulizana bei, tuliulizana. Yeye alinunua wiki tano kabla. Nauli yake ilikuwa dola 120, tozo na ada zilikuwa zilezile 164, jumla 284. Mimi niliyefiwa nililipa dola 94 zaidi kwa kiti kilichopakana na chake, sambusa ileile na dirisha alilokaa yeye. Alinionea huruma, kisha akasema lile ambalo kila mtu husema: “Serikali ingeweka bei moja, mambo yakaisha.”

Wasomaji wa Tanzania wanalijua wazo hili kwa majina yake. Kule mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, hutoa nauli elekezi za mabasi, na EWURA, mamlaka ya nishati na maji, hutangaza bei kikomo za petroli na dizeli kila mwezi. Kenya nayo hutangaza bei ya mafuta tarehe 14 ya kila mwezi kupitia mamlaka yake ya nishati, EPRA. Uganda imechagua njia nyingine: bei ya mafuta huachwa kwa wauzaji, na nauli za mabasi huachwa kwa wenye mabasi, ndiyo maana wiki ya Krismasi anayekwenda Kabale au Mbarara kutoka kituo cha Namirembe hujikuta analipa karibu mara mbili ya alichokilipa Novemba. Hatuna desturi ya bei kikomo. Anayeomba tuianze na ndege anaomba tuianze mahali pagumu kuliko pote.

Ugumu wa kwanza ni kwamba bei ya safari inayovuka mpaka haimo mikononi mwa nchi moja. Tangu Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga yake, na huduma za ndege kati ya nchi mbili huendeshwa kwa makubaliano ya nchi hizo mbili. Katika makubaliano ya mtindo wa zamani, yaliyofuata mfano wa Uingereza na Marekani wa mwaka 1946, nauli zilihitaji idhini ya pande zote mbili. Ya siku hizi kwa sehemu kubwa yamewaachia mashirika yenyewe. Azimio la Yamoussoukro la mwaka 1999, lililolenga kufungua anga ya Afrika, liliondoa hitaji la serikali kuidhinisha nauli zinapoongezwa. Kwa hiyo Kampala ikiamka kesho na kutangaza bei kikomo ya Entebbe hadi Dar es Salaam, itahitaji kwanza kuzungumza na Dodoma.

Ugumu wa pili tumekwisha kuuona katika karatasi yangu. Tuseme serikali imefaulu na imetangaza kwamba nauli ya njia hii isizidi dola 150. Shirika litaandika nauli 150, kisha litaandika YQ 124 badala ya 60, na mimi nitalipa dola 378 zilezile, safari hii kwa baraka za sheria. Kikomo kinachowekwa juu ya neno “nauli” bila kufafanua ni nini kinaruhusiwa kuandikwa chini yake ni mlango wenye kufuli na dirisha lililo wazi. Ufilipino waliliona hili, na bodi yao ya usafiri wa anga huiwekea tozo ya mafuta viwango kulingana na bei ya mafuta ya ndege sokoni. Shirika haliruhusiwi kuivuka ngazi iliyotangazwa, na mafuta yakishuka ngazi nayo hushuka. Huo ni udhibiti mdogo, wa mstari mmoja tu wa tiketi. Kwa maoni yangu ndio wenye akili, kwa sababu tozo inayodai kuwa ya mafuta hupimwa kwa mafuta.

Udhibiti mkubwa umejaribiwa, tena na nchi zenye nguvu kuliko yetu. Marekani ilikuwa na bodi iliyopanga nauli za ndani tangu 1938 hadi sheria ya Oktoba 1978 ilipoanza kuivunja. Katika miaka hiyo mashirika hayakuruhusiwa kushindana kwa bei, basi yakashindana kwa mengine, hata moja likaweka piano ndani ya ndege zake kubwa. Wakati huohuo ndani ya jimbo la California, ambako bodi ile haikuwa na mamlaka juu ya safari zisizotoka nje ya jimbo, nauli zilikuwa za chini kuliko safari za umbali kama huo zilizovuka mipaka ya majimbo. India iliweka viwango vya chini na vya juu mwezi Mei 2020, ndege za ndani ziliporudi baada ya kufungwa kwa sababu ya korona, na ikaviondoa mwisho wa Agosti 2022. Watu hukumbuka kile kiwango cha juu na kusahau cha chini, ambacho kilimkataza mwenye ndege kuuza kwa bei ndogo hata alipotaka. Kinga ya abiria ilikuja pamoja na kinga ya shirika, na si rahisi kuipata moja bila nyingine.

Kwa Uganda liko na jambo la tatu, nyeti kidogo. Serikali ndiyo mwenye shirika la taifa, lililoanza kuruka tena Agosti 2019 kwa ndege za CRJ900 zenye viti 76, baada ya lile la kwanza kufungwa mwaka 2001. Shirika hilo bado halijaanza kupata faida. Katika mwaka wa fedha 2022/23 hasara yake ilikuwa takribani shilingi bilioni 325. Mwenye duka akipewa kazi ya kupanga bei za soko zima, atajikuta amevuta bei juu ili duka lake lisife, au ameivuta chini na kulipa tofauti kwa kodi ya mkulima wa Karamoja ambaye hajawahi kupanda ndege. Sisemi hivyo ndivyo ilivyo sasa. Nasema tusimpe mtu kalamu mbili.

Na yule mfanyabiashara wa vitenge? Bei moja ingemwumiza yeye ili kunifaa mimi. Ndege ndogo haijai watu wa dharura. Hujaa kwa sababu watu kama yeye walinunua mapema kwa bei ndogo, na sisi wa dharura tunalipa gharama ya viti vichache vilivyoachwa kutungoja. Nililielewa hilo hata kabla ya ndege kutua, ingawa sikulipenda. Ninachokidai kwa msiba ni kitu kingine: yapo mashirika duniani ambayo yamewahi kutoa nauli ya wafiwa kwa anayeonesha uthibitisho, na hakuna sheria inayoyazuia ya kwetu kufanya hivyo.

Basi serikali ifanye nini, kama si kupanga bei? Ianze na zile dola 104, maana hizo ni zake na za jirani yake. Safari ya Entebbe hadi Kigali, ambayo ni fupi kuliko safari nyingi za ndani za nchi kubwa, hutozwa ada za safari ya kimataifa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina wakala wake wa usalama wa anga, CASSOA, ambao makao yake makuu yapo hapohapo Entebbe. Tumeweza kukubaliana juu ya usalama, lakini ada kila nchi bado inajitoza kivyake. Tunao mfano wa karibu. Mwishoni mwa mwaka 2014 nchi za Ushoroba wa Kaskazini, zikiwemo Kenya, Uganda na Rwanda, zilianza kuondoa tozo za ziada kwenye simu zinazovuka mipaka na kuweka ukomo wa bei, na kupiga simu Nairobi au Kigali ukaacha kuwa anasa. Pale serikali zilidhibiti bei, na zilifaulu, kwa kuwa zilianza kwa kujipunguzia zenyewe.

Kisha iamuru bei nzima ioneshwe tangu mwanzo. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya mwaka 2008, uliyaacha mashirika huru kupanga nauli lakini ukayalazimisha kuonesha jumla ya mwisho pamoja na kodi, ada na tozo zote zisizoepukika. Marekani ikafuata na kanuni ya namna hiyo mwaka 2012. Hilo halihitaji ruzuku wala mazungumzo na Dodoma. Linahitaji mtu wa mamlaka kuingia katika ofisi kama ile niliyokwenda, kuuliza bei ya Dar es Salaam, na kuhesabu ni mara ngapi namba imebadilika kabla hajalipa. Kwangu ilibadilika mara tatu: dola, kisha shilingi kwa kiwango chao, kisha elfu themanini za mdomo. Tunayo Sheria ya Ushindani iliyopitishwa mwaka 2023, na wakala anayeificha ada yake hadi dakika ya malipo anastahili kuulizwa.

Yapo pia marejesho, ambayo karibu hakuna anayeyadai. Kaka yangu mwaka jana alikosa ndege kwa tiketi isiyorudishwa fedha, akaambiwa amepoteza yote. Ada ya uwanja hulipwa kwa ajili ya abiria aliyeondoka. Asipoondoka, kwa kawaida huweza kudaiwa hata pale nauli imepotea. Tulipoandika barua, wakala wake, ambaye si huyu wangu, alikaa wiki saba kisha akarudisha sehemu, akiwa amekata ada ya kushughulikia marejesho. Kaka alicheka, akanunua kilo mbili za nyama kwa kilichobaki.

Kwa anayetaka kununua kwa wakala wa namna hii: nenda na dola taslimu, noti safi zisizochanika, au ubadilishe mwenyewe kabla ya kupanda ngazi. Uliza ada ya huduma kabla hajaanza kubofya. Omba karatasi yenye mchanganuo, si ile yenye jumla peke yake, na utafute herufi YQ, pamoja na YR, ambayo ni ndugu yake. Linganisha na tovuti ya shirika lenyewe, ambako mimi, kwa haraka ya msiba, sikuangalia. Ofisi hufunguliwa saa mbili na nusu asubuhi, Jumamosi hufungwa saa saba mchana, na kijana wa shati lililopigwa pasi hukaa meza ya pili kutoka mlangoni. Nilimpelekea machungwa matatu ya Muheza niliporudi, nikamwachia na nakala ya karatasi yangu, ile YQ nimeizungushia kalamu nyekundu.